Mchezo wa Ziwa Lililohama

Ninyi vijana wa kikundi mmezoea kuniuliza ni mchezo upi ulinitoa jasho kuliko yote, na mimi huwajibu kwamba ni ule wa vyandarua, siku mbu wetu wa waya alipomwangukia kiongozi wa sekta mbele ya soko zima la Kabuga. Mnacheka, kisha tunarudi kazini. Sasa nimestaafu na hakuna mazoezi yanayonisubiri, kwa hiyo nitajibu sawasawa. Mchezo ulionitoa jasho hamkuuona. Hata bango lake halikuwahi kubandikwa. Tuliufanyia kazi kuanzia mwaka 1990 hadi Pasaka ya 1994, hapa hapa Kigali, na nikiulizwa leo ni kazi gani kati ya zangu ningependa watu waione, nitautaja huo tu.

Mwaka 1990 ulipoanza nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari, somo ambalo wanafunzi wengi walilihesabu kuwa mapumziko. Kiswahili nilikuwa nacho cha nyumbani. Tulikaa Biryogo, baba alikuwa fundi cherehani, na babu yake alifika huku na misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji. Darasani nilikuwa nikiwatungia watoto nyimbo za kukariri ngeli, na sifa za nyimbo hizo ndizo zilizomfikia Madamu Konsolata.

Madamu aliongoza kikundi cha maigizo kilichokuwa na ukumbi Muhima, ghala la zamani la kahawa nyuma ya maduka ya vipuri, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Nyabugogo. Alikuwa amesomea kazi hiyo Ubelgiji, akarudi na koti moja la mvua na chuki ya kudumu dhidi ya watu wanaochelewa. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema nikamkuta anafagia jukwaa mwenyewe. Hakunikaribisha kiti. Alinipa kitabu kinene kama tofali, akaniambia, "Soma. Ukimaliza usije kuniambia kama ni kizuri, hilo ninalijua. Njoo uniambie tutatupa nini."

Kilikuwa riwaya ya Kinyarwanda iliyoandikwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee Gaspari wa Kabuga. Humo mna nchi ya milima ambayo watu wake wamegombania ziwa lao hadi wakalipasua kwa kamba, upande huu wenu, upande ule wetu. Ziwa linachukizwa. Alfajiri moja linajikunja kama mkeka na kuondoka na samaki wake wote. Msichana aitwaye Nyamvura anaondoka kulitafuta, akisindikizwa na jitu la mawe liitwalo Rutare, na njiani wanapita nchi baada ya nchi: nchi ya ndege wenye nyuso za watu, nchi ambayo usingizi unauzwa kwa kibaba, nchi ya Mfalme Vumbi ambaye anatawala kila mahali ambapo maji yametoka. Nilisoma jikoni nikaunguza wali. Madamu alitaka kitabu kizima kiwe mchezo wa nyimbo, kwa Kiswahili, ili baada ya Kigali tukipeleke Bujumbura, Bukavu na Goma. Kabla yangu alikuwa amejaribu watu wengine wa kukigeuza, na wote walikirudisha kwa adabu.

Mimi sikuwa na adabu hiyo. Niliacha kufundisha, nikaandika miezi kadhaa, nikaweka kila nchi, kila vita, kila ndege. Tulipokisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza tulianza asubuhi, tukala mchana, tukaendelea, na Nyamvura alikuwa bado hajavuka mto wa kwanza. Mpiga gitaa wetu, Floriberi, mtu wa Bukavu ambaye ndiye aliyetunga muziki wote, alilala na gitaa kifuani. Alipoamka alinihurumia. "Mwamini, dada yangu," akasema, "hii maneno iko mingi sana. Mutu atapumuwa wapi?"

Swali hilo lilinifundisha kuliko vitabu vya uandishi nilivyokuja kununua baadaye. Ninyi mnaoandika, someni kazi yenu mbele ya mtu atakayeiimba, na mwangalie kifua chake.

Madamu hakunikemea. Siku iliyofuata alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta, akanipa vibanio vya mbao, na kila sura ya riwaya tukaiandika kwenye kipande cha karatasi na kuianika. Kazi yetu ikawa kutembea chini ya kamba ile. Alikuwa akichomoa karatasi moja, ananiuliza: bila hii, Nyamvura bado anajua aende wapi? Nikisema ndiyo, karatasi inaingia mfukoni mwa koti. Nikisema hapana, ananilazimisha nieleze kwa nini, na mara nyingi nikieleza nagundua kwamba jibu lilikuwa ndiyo. Tulianika riwaya ile wiki nyingi. Nchi zote zikabaki tatu. Wapita njia waliochungulia walidhani tunafua.

Karatasi ya mwisho kutoka ilikuwa ya Rutare, lile jitu la mawe. Kwenye kitabu linapendeza, lakini jukwaani linambeba Nyamvura kila anapochoka, na mhusika anayebebwa haimbi. Madamu aliona mara moja. Mimi nilipinga kwa siku mbili, kisha nikaona. Tatizo likawa kumwambia mwenyewe, na Madamu akaamua kwamba anayeandika ndiye anayekwenda.

Nilipanda basi la Kabuga nikiwa na sukari na majani ya chai, kama ninakwenda kutoa posa. Mzee Gaspari alikuwa mwembamba, mpole, na alivaa tai nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza habari ya kamba na vibanio, nikamweleza ni nchi zipi zimebaki. Akaniuliza kwa upole nimekuja kumwambia kwamba nani amekufa. Nikamtaja Rutare.

Aliinuka akaenda kumimina chai ambayo ilikuwa tayari imeshamiminwa. Kisha akanieleza kwamba binti yake mdogo aliugua miguu, akawa hawezi kutembea, na yeye alikuwa akimbeba mgongoni kwenda naye shuleni alikofundisha. Njiani ili mtoto asione aibu alimwambia kwamba anayembeba si baba, ni jitu la mawe. Binti hakuishi hadi kukua. Riwaya yote ilianzia kwenye safari zile.

Nilimwambia basi, jitu libaki, tutajua la kufanya. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "kwenye kitabu atabaki. Huko kwenu mtoto atembee mwenyewe. Ni vizuri, atembee. Lakini hilo ziwa msilifanye kwa taa. Maji ya taa ni uongo. Weka watu."

Nilirudi Muhima na sharti hilo, na kutokana nalo ndipo tukapata ziwa letu. Baba yangu alitushonea kitambaa cha buluu kikubwa kupita upana wa ukumbi, vipande vya rangi zinazokaribiana alivyovichagua dukani kwa mikono yake, na kwaya nzima iliingia chini yake. Walipopumua pamoja, ziwa lilipumua. Waliposimama na kutembea, ziwa lilihama. Ngurumo tuliipata kwa bati la paa lililoning'inizwa kwa mnyororo. Vifaa vyote vya mchezo ule vingeingia kwenye kigari kimoja cha kusukuma, na tangu hapo sijaamini mchezo wowote unaohitaji lori.

Nyamvura wetu alikuwa Odeta. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini, alikaa na mama yake pale pale Muhima, na alikuja mazoezini alasiri na vidole bado vina wino wa utepe wa mashine. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, safi, ambayo Floriberi aliitungia nyimbo kama fundi anayekata nguo juu ya mwili wa mtu. Mimi na yeye tulikuwa rika moja. Alinisahihisha Kinyarwanda changu, nami nikamsahihisha Kiswahili chake, kwa sababu r na l kwake zilibadilishana viti kila mara. "Kulala" akiimba ilikuwa "kurara", na Madamu akaamua ibaki hivyo, kwani huko ndiko Nyamvura anakotoka.

Oktoba mwaka huo wa 1990 vita vilianza kaskazini. Wiki hiyo hiyo watu wengi mjini walikamatwa, wengi wao Watutsi, wakiitwa wasaidizi wa adui. Odeta alikuwa Mtutsi. Walimchukua ofisini, na mama yake alikuja kutuambia akiwa ameshika viatu vya ofisini vya binti yake, sijui kwa nini. Madamu alivaa koti lake akazunguka ofisi zote alizojua kuna mtu wa kumsikiliza, akarudi bila kitu. Mazoezi yaliendelea bila Nyamvura. Madamu alikataa kumpa mtu mwingine nafasi ile, hata ya kusomea tu. Tulipofika pa Nyamvura kuimba, Floriberi alipiga gitaa peke yake na sisi tulisubiri.

Odeta aliachiwa baada ya miezi mingi. Alikuja ukumbini mwenyewe, amekonda, akasalimia kila mtu kwa jina, akauliza tumefika sehemu gani. Tukamwambia. Floriberi akaanza wimbo wa kwanza na Odeta akafungua mdomo, na sauti ile ya juu haikuwepo. Ilitoka nyingine, ya chini, yenye mchanga ndani yake. Yeye mwenyewe alisimama, akagusa koo. Hakuna aliyemuuliza walimfanya nini kule, naye hakusema siku ile wala nyingine.

Floriberi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba gitaa limelegea na anahitaji kulikaza. Alikaa kwenye kona, na alasiri hiyo hiyo akaanza kushusha nyimbo zote. Mimi nilikaa naye. Wimbo ukishuka, maneno nayo hayakai tena. Neno lililong'aa kule juu, huku chini linazama. Nilitupa maneno mengi mazuri. Wimbo wa Nyamvura mbele ya bonde tupu ulikuwa umejaa mbingu na nyota, nikafuta vyote, ikabaki mistari michache ya mtu anayetafuta maji:

*Nionyesheni pa kuteka,*
*mtungi wangu umekauka,*
*niliowaacha wanasubiri,*
*na mimi sijui njia.*

Odeta aliposhika mistari hiyo kwa sauti yake mpya, Madamu alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya duka la vipuri. Alipoingia tena alisema tu kwamba neno "umekauka" lisivutwe sana. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mwaka 1991 vyama vingi viliruhusiwa, na kila kitu mjini kikawa na chama, hata mwavuli. Kwa mchezo ilihitajika ruhusa. Bwana mmoja kutoka ofisi inayohusika alikuja kutazama mazoezi, akakaa mbele na kofia magotini. Tulipomaliza alisema nyimbo ni nzuri. Kisha akamuuliza Madamu, "Sasa huyu Mfalme Vumbi, iko wa chama gani?"

Madamu alimweleza kwamba ni hadithi. Yeye akasema anajua ni hadithi, anauliza chama. Na hao waliopasua ziwa kwa kamba, upande wa kushoto ni akina nani, na wa kulia? Tulimwita mzee Gaspari aje kutoka Kabuga aeleze mwenyewe. Alikuja na tai yake, akajibu kwamba Mfalme Vumbi ni vumbi. Bwana yule alitutazama kama watu tunaoficha kitu, akaondoka na ruhusa yake. Haikupita muda wakaja vijana wa chama cha upinzani, wao wakiwa na hakika kwamba Mfalme Vumbi ni mkubwa fulani serikalini, na kwamba sisi ni mashujaa. Hao walitutisha zaidi.

Ikafuata shida ya rangi. Mavazi ya kijani yalionekana ya chama hiki, mekundu na meusi ya kile, na mengine nayo yakapata wenyewe. Kila wiki baba alirudishiwa nguo za kutia rangi upya, hadi akasema angetushonea wote suti za kitambaa cha magunia. Hatukuwa mbali na hapo. Tulimaliza kwa kuwavika waigizaji wote kitambaa cha merikani kisichotiwa rangi, na kwenye jukwaa zima rangi pekee ikawa ile ya ziwa. Watu waliokuja kuona mazoezi walimsifu Madamu kwa ubunifu. Aliwashukuru.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Kulikuwa na vizuizi barabarani, na waigizaji waliokuwa na neno "Mtutsi" kwenye kitambulisho walifika wamechelewa au hawakufika kabisa. Madamu, ambaye zamani angemfukuza mtu kwa kuchelewa dakika chache, aliacha kutazama saa. Ruhusa tuliipata mwaka 1993, baada ya mkataba wa amani kutiwa saini na watu wengi kudhani kwamba mambo yameisha. Tukapanga kufungua mchezo Desemba.

Hapa ndipo ninapoparudia kila siku.

Mchezo ulikuwa tayari isipokuwa mwisho. Kwenye kitabu ziwa linarudi lenyewe, polepole, katika kurasa nyingi tulivu. Jukwaani mwisho huo ulikuwa unalala. Tulijaribu kwaya kubwa, tukajaribu ngoma, tukajaribu Odeta peke yake. Hakuna kilichokaa. Siku kumi hivi kabla ya kufungua, Madamu alituita akasema anaahirisha hadi baada ya Pasaka. Wengi walikubali, mimi nikiwa mmojawapo. Kwa sheria za kazi yetu alikuwa sahihi, na leo kijana akiniletea mchezo wenye mwisho mbovu nitamwambia vivyo hivyo.

Odeta ndiye aliyepinga. Hakuwa na desturi ya kubishana.

"Madamu, tuucheze hivi ulivyo," akasema. "Watu watatusamehe."

"Watakusamehe wewe," Madamu akajibu. "Mimi hawatanisamehe, na watakuwa na haki."

"Watu wanataka kutoka nyumbani, Madamu. Wakae pamoja mahali, waangalie kitu. Si lazima kiwe kimekamilika."

Madamu alimwambia aje Januari na sauti iliyopumzika. Odeta alicheka, akakunja merikani yake akaiweka kapuni. Tulipokuwa tukiteremka aliniambia kwamba mama yake alikuwa ameshawaalika majirani wote, na sasa itabidi awazungukie mmoja mmoja.

Mwisho tuliupata Februari, na ulikuwa rahisi hadi tukaona aibu. Kwaya iliyo chini ya kitambaa inarudi kutoka mlangoni, nyuma ya watazamaji, na ziwa linapita juu ya vichwa vyao kuelekea jukwaani, kwa hiyo watazamaji wenyewe wanakuwa chini ya maji. Nyamvura haimbi chochote. Anateka.

Jumapili ya Matawi, alasiri, tuliucheza mchezo wote mara moja kwa familia zetu, kabla ya kufungua rasmi baada ya Pasaka. Watu walikuja moja kwa moja kutoka kanisani na matawi mikononi. Wauza vipuri walifunga maduka wakaja. Mama yangu alikaa na mama yake Odeta, na ingawa hawakuwa wamewahi kukutana, walimsema Madamu pamoja kwa kutunyima chakula mazoezini. Mzee Gaspari alikuwa kwenye kiti cha pembeni.

Nimekuwa katika kumbi nyingi tangu siku ile na najua vizuri ukumbi ukinyamaza kwa adabu unasikikaje. Ule haukuwa huo. Odeta alipoimba mbele ya bonde tupu, mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa sauti kwa nini wasimpe maji, na hakuna aliyecheka. Mwishoni mlango ulifunguliwa na ziwa likaingia. Watu waliinua mikono kulisaidia kupita, na matawi yakawa yanagonga kitambaa kwa chini kama mvua. Hatukuwa tumelipanga hilo. Nilimtazama mzee Gaspari. Kitambaa kilikuwa kimemfunika, na yeye hakukitoa usoni hadi kilipopita chenyewe.

Baadaye alimwendea Odeta akamshika mikono yote miwili. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia, "Umetembea vizuri."

Madamu alitupatia marekebisho yetu kama kawaida, akatuambia twende tukasali na tupumzike. Floriberi aliondoka kwenda kwao Bukavu kwa sikukuu.

Jumatano baada ya Pasaka ndege ya rais iliangushwa, na kesho yake mauaji yakaanza. Sitaandika mengi ya miezi ile. Wenzangu walioipitia wameeleza, na wengine wanaeleza bado. Sisi tulikuwa Biryogo. Mama aliwaficha wasichana wawili wa kwaya, Agnesi na mdogo wake, kwenye stoo ya vitambaa ya baba, nyuma ya marobota, na kila aliyekuja kuuliza alimjibu mlangoni akiwa na tasbihi mkononi. Wasichana wale walipona. Odeta na mama yake waliuawa katika siku za mwanzo kwenye kizuizi cha pale chini, kuelekea Nyabugogo, kwa kuwa walikuwa Watutsi. Aliyeniambia ni mmoja wa wale wauza vipuri, ambaye alitazama kwa tundu la mlango wa duka. Wengine sita wa kwaya nao waliuawa. Madamu Konsolata, nilisikia, alikuwa ameonekana kwenye barabara ya Gitarama na koti lake, akiwa na watu asiowajua. Baada ya hapo hakuna aliyenieleza chochote cha kuaminika. Floriberi hakurudi kutoka Bukavu, na vita vya kule vilipofika, nilipoteza hata mtu wa kumuulizia.

Julai nilikwenda Muhima. Paa la ghala lilikuwa limetobolewa, na bati letu la ngurumo lilikuwa limekwenda kuziba paa la mtu. Kitambaa cha ziwa hakikuwepo. Jirani aliniambia kwamba kina mama walikikata vipande vya kubebea watoto, na aliniambia kwa wasiwasi, akidhani nitadai. Nilimwambia wamefanya vema.

Kabla mwaka haujaisha nilikwenda Kabuga. Mzee Gaspari alikuwa hai, amedhoofika, hana tai. Nilimweleza kwamba karatasi za maneno ninazo, kwamba Agnesi yupo, kwamba tunaweza kutafuta watu. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile ya jitu.

"Nilipoandika kwamba ziwa linarudi," akasema, "niliamini. Leo sijui kama ningeandika hivyo."

Nikamuuliza kama angependa tubadilishe mwisho.

"Hapana, binti yangu. Acha lirudi. Unayo ruhusa yangu, cheza siku yoyote. Ila usiniite kuja kuangalia."

Ruhusa hiyo ninayo hadi leo. Yeye alikufa miaka michache baadaye, na mimi niliendelea na kazi: michezo ya vyandarua, ya kunawa mikono, ya kampeni za chanjo, na mingine mizuri ambayo ninyi mmeicheza vizuri. Mara tatu nne hivi niliitoa kazi ile nikasema mwaka huu. Mara moja tulifika hata kuketi, mimi, Agnesi na mdogo wake, tuweke sawa nyimbo, kwa maana Floriberi alikuwa akitunga kwa sikio na hakuacha muziki wowote ulioandikwa. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa yale yale, lakini wimbo wa Nyamvura, Agnesi aliuimba hivi na mdogo wake vile. Mimi niliusikia kwa namna ya tatu. Tulijaribu kupatana. Mdogo wake Agnesi akasema kwamba Odeta hakuwa akipandisha hapo, Agnesi akasema alikuwa akipandisha, na wakaanza kulia wakiwa bado wanabishana. Nikakunja karatasi.

Nafikiri nilikosea kukunja. Tungeweza kuchagua mmoja, wowote, na Odeta mwenyewe angetuambia tuucheze hivyo hivyo. Lakini kila mwaka uliopita ulifanya kuchagua kuwe kugumu zaidi, na hivi ndivyo mtu anavyojikuta amestaafu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Agnesi, ambaye sasa anakaa Batsinda na wajukuu. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, na kabla hajajua kwamba nimefika nilimsikia anaimba wimbo ule, kwa sauti ya chini, bila haraka, hadi mwisho. Nilisimama mlangoni. Alipoinua macho nilimwomba aurudie. Akasema yeye huuimba mara moja tu kwa siku, na akanisogezea kiti na kisu cha pili.